Kabla Hujamwita Farasi Mvivu

Mwenda,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na sitaki kuficha. Jana usiku umetoka mezani ukaacha chakula, leo mchana umepita jikoni kama mgeni aliyekosea nyumba, na sasa umeenda pale Githongo sokoni kuaga vijana wenzako. Kesho unarudi Timau, na safari hii si ya majaribio tena, ni ya kukaa. Nikingoja urudi ili tuongee, nitafungua mdomo tu na wewe utasema, "Mama, basi," na hapo itakuwa imeisha. Karatasi haiwezi kuambiwa basi. Ndiyo maana nimeketi na kalamu hata ugali sijausonga.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu changu hukijui kusoma, na Kimeru changu mmekicheka tangu mkiwa wadogo. Nimeolewa hapa kutoka Kianjokoma zamani hata nimesahau sura ya barabara ya kwetu, lakini nikisema neno moja vibaya nyumba yote inaniiga. Haya, hapa hakuna wa kuniiga.

Mambo ya kufua, ya kula vizuri, ya kwenda kanisani Jumapili, sitayaandika. Wewe ni mtu mzima, na isitoshe hayo yote nilikwisha kuyasema hadi yakakutoka masikioni. Nataka tuongee juu ya farasi.

Maana ni kwa ajili ya farasi tuligombana. Ulikuja Ijumaa na habari njema, kwamba wale watu wa Timau wanaowapandisha wageni farasi wamekuandika kazi ya kudumu. Baba yako alisimama akakupa mkono, na wewe unajua baba yako hasimami hivi hivi. Mimi nikauliza, "Na yule Pilipili wako?" Nilimuulizia kwa sababu mwezi mzima kwenye simu ulikuwa humtaji mtu mwingine ila huyo Pilipili. Vile anavyopiga mlango wa banda teke akisikia ndoo. Vile alivyokunyang'anya kofia akakimbia nayo uwanja mzima na meneja anatazama. Nilikuwa nacheka peke yangu nikichuma kahawa. Lakini Ijumaa nilipomuulizia, uso wako ulianguka.

"Amepoa," ukasema. "Siku hizi anasimama tu, kichwa chini. Hata ndoo haijali. Ukimpandisha kilima kidogo anapumua kama mzee."

"Kwa nini?"

"Wanasema ni uvivu. Ati amezoea vibaya."

"Na wewe unasemaje?"

Ukainua mabega. Mwenda, mabega! Mwezi mzima unamsifu mnyama, halafu anabadilika mbele ya macho yako, na jibu lako ni mabega. Hapo ndipo nilipoanza kuwaka, na bado nawaka.

Ngoja nikueleze kwa nini neno hilo la uvivu linanichoma. Unamkumbuka Diseli, yule punda wetu, lakini unamkumbuka kwa vituko vyake. Vile alivyojua kufungua lango kwa mdomo. Vile alivyokula kabeji za Mama Karimi, na Mama Karimi akaja hapa na kisiki cha kabeji mkononi kama ushahidi wa kortini. Akibeba kahawa kwenda kiwandani hangoji kuongozwa, anateremka mbio hadi magunia yanaruka. Tulimwita Diseli kwa sababu hakuwa anazimika. Yale ya mwisho wake hukuyaona, ulikuwa bweni.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama pembeni mwa zizi, masikio yamelala. Nikambwekea maneno, hakusogea. Nilipomfungia magunia alienda, lakini pole pole, kama mtu anayeenda kumzika ndugu. Siku hiyo kila mtu hapa akawa daktari. Baba yako alisema ni ujeuri, nikate fimbo. Mama Karimi alisema ni jicho baya, kuna mtu alimsifu sana pale kiwandani, na wala hakukumbuka kwamba aliyekuwa akimtaja taja kijiji kizima ni yeye. Yule jamaa wa duka la dawa za mifugo hata hakuuliza ni mnyama gani. Aliponiona mlangoni tu akashika chupa. "Minyoo," akasema. Kwake yule, hata ukienda na baiskeli iliyopasuka tairi, ni minyoo.

Mimi nilifanya yote. Ya fimbo nilifanya kwanza, na hiyo nakuambia bila kujitetea. Nilimpiga Diseli kutoka hapa hadi kwenye kona ya kanisa, na watu wakinipita wakanisalimia na mimi nikaitikia salamu huku nampiga. Kisha nikampa dawa ya minyoo. Na unajua nini? Minyoo ilitoka. Mingi. Tukafurahi! Baba yako akaniambia, "Unaona sasa?" kana kwamba yeye ndiye aliyesema minyoo. Nikajiambia shida imepatikana, nikaacha kutafuta.

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko hata fimbo. Minyoo ilikuwepo kweli, lakini haikuwa peke yake. Mimi nilipopata sababu ya kwanza nilifunga kesi. Nilimwekea magunia tena, na akaendelea kukonda na mimi nikaendelea kumwambia, "Dawa umekunywa, sasa shida yako ni nini?"

Na shida ilikuwa chini ya miguu yangu. Kila asubuhi nikifagia pale kwenye hori nilikuwa nakuta madonge ya nyasi, yametafunwa nusu, yamelowa, mviringo kama matonge ya ugali ya mtoto. Nilikuwa nayafagia nikilalamika. "Punda huyu anachagua chakula siku hizi, amekuwa bibi harusi." Nilifagia hayo madonge hadi afisa wa mifugo alipopita kwa ng'ombe wa jirani, nikamwita, akayaona kabla hata hajamtazama Diseli. Akaokota moja, akalifungua kwa vidole. Akaniuliza, "Mama, haya umeyaona kuanzia lini?" Nikamwambia yako kila siku. Alimfungua Diseli kinywa na kuniambia nichungulie. Magego yalikuwa yameota makali pembeni, yamelichana shavu kwa ndani hadi nyama inaonekana. Alikuwa na njaa, Mwenda. Mnyama alikuwa anasimama mbele ya chakula na hawezi kutafuna, na mimi nilikuwa nampiga kwa kutembea pole pole.

Alimsugua meno kwa tupa. Diseli akapata nafuu, akala, lakini mbio hazikurudi. Alikufa mvua za mwaka uliofuata. Mimi sikulia mbele ya watu kwa sababu hapa ukimlilia punda utaitwa majina, lakini kwenye migomba nililia.

Ungedhani baada ya hapo nimejifunza. Wapi! Baba yako alipoanza kulala kwenye kiti baada ya chakula cha mchana, nilisema nini? Ulikuwa kidato cha tatu, labda ulinisikia. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo, anaimba nyimbo za kanisa huku anapalilia, ghafla jembe linakaa ukutani na yeye anasinzia. Nilimwita mvivu. Nilimwita mvivu mbele ya nyanya yako, tena wageni wakiwepo. Yeye akanitazama tu, akaomba maji. Alikuwa anaomba maji kila saa na mimi nilikuwa nampelekea, nikigongesha kikombe mezani kwa hasira. Hata maji yenyewe hayakuniambia kitu. Ilibidi aanguke shambani ndipo daktari atuambie ni kisukari. Hajawahi kunirudishia lile neno hata mara moja, na kwa kweli ningefurahi angenirudishia tuwe sawa.

Kwa hiyo usishangae jana nilipokukalia na maswali. Ulisema nakuhoji kama polisi. Nilikuhoji, ndiyo. Nilikuuliza kama umemtazama ufizi, ni mwekundu au umepauka. Hujui. Nikakuuliza kama kuna madonge chini ya hori. Hujaangalia. Nikakuuliza juu ya kwato, kama kuna jiwe au joto; juu ya mgongo, kama tandiko limemkata; juu ya kupe kwenye masikio na chini ya mkia; juu ya maji, kama ni yale ya siku zote au wamebadilisha tangi. Nikakuuliza kama kuna farasi mwenzake aliyeondolewa, maana hawa wanyama hununa kama watu. Nikakuuliza kama anatoa kinyesi vizuri. Baba yako akasema, "Mama Mwenda, tunakula." Na wewe ukasema lile neno lako. "Mama, farasi si punda. Wala si ng'ombe."

Nikasema sawa, si ng'ombe. Anakula nini basi?

Hapo ukachangamka. Ukaniambia nyasi zimekuwa haba kule juu, jua limekausha, na meneja amekuwa akilalamika bei ya nyasi kavu. Wewe ukatumia akili. Nyuma ya ofisi walikuwa wamepogoa ile miti ya avokado, matawi yamelala bure, na wewe ukawa unambebea Pilipili mzigo wa majani asubuhi na jioni. Yeye peke yake, kwa sababu ndiye unayempenda. Ukasema ukiwa na fahari, "Si ulitufundisha majani hayatupwi?"

Mwanangu, kijiko kilinitoka mkononi.

Ni kweli nilikufundisha. Hapa kwetu nani anatupa majani? Tukipogoa avokado, matawi yanaenda kwa ng'ombe. Tukikata mgomba, shina linaenda kwa ng'ombe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiyaburuta yale matawi hadi zizini, na mimi nakusifu. Hakuna mtu wa Githongo ambaye angekuona ukifanya hivyo kule Timau akakuambia umekosea. Lakini yule afisa wa mifugo, siku ile ya meno ya Diseli, aliona matawi ya avokado kwenye zizi la ng'ombe akaniambia hata ng'ombe yanamharibia kiwele, lakini jamii ya punda na farasi ndio wanaoumia zaidi. Yanapiga moyo, alisema. Mnyama anapoa, anachoka, anapumua kwa shida, na kichwa na shingo vinaweza kufura. Niliporudi ndani nikamwambia baba yako, akacheka hadi akakohoa. "Sasa hata avokado imekuwa sumu?" Mimi nikaacha kumpa Diseli, lakini sikuendelea kubishana juu ya ng'ombe, na wewe ulipokuja likizo sikukuambia. Sikukuficha. Niliona ni neno dogo tu, na kulikuwa na kahawa ya kuchuma.

Jana nilikuambia yote hayo, labda kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa. Nikakuambia piga simu sasa hivi, waache kumpa. Kwa sababu ulikuwa umesema wewe mwenyewe kwamba Muriuki, yule mnayelala naye chumba kimoja, anaendelea kumpa majani ukiwa huku, jinsi ulivyomwagiza. Ukanitazama kama nimekutukana.

"Mama, unataka nifutwe kazi kabla sijaanza?"

"Nataka farasi asife."

"Na kama si majani? Nitakuwa nimejichongea bure!"

Ukasukuma sahani ukatoka. Baba yako akasema nikuache, utapoa. Nikamwambia sitaki kusikia neno kupoa katika nyumba hii.

Usiku nimefikiri sana juu ya lile swali lako, kama si majani. Nakubali. Huenda si majani. Mimi si daktari, na nimekwisha kukueleza jinsi nilivyoshangilia minyoo. Huenda ni meno, huenda ni kupe wamemletea homa, huenda ni vitu viwili vimeungana. Lakini kuacha majani hakuhitaji uhakika. Ukiacha na ikawa siyo, Pilipili atakuwa amekosa majani tu. Usipoacha na ikawa ndiyo, utabeba ndoo mpaka pale mlangoni pa banda na hakutakuwa na teke. Sijui nikueleze vipi ilivyo kusimama pale na ndoo. Mimi nimesimama.

Na najua unachoogopa si farasi. Unaogopa meneja. Hata mimi ningeogopa. Umehangaika tangu umalize shule, umebeba mawe kwenye majengo ya watu, umechuma kahawa ya jirani, na sasa umepata kitu unachokipenda, kisha kosa linakuja likiwa na jina lako. Tena kosa la kumpenda mnyama! Ungekuwa mvivu kweli, usingebeba hata jani moja. Hilo linaniuma kuliko yote, na siwezi kulimeza. Ungekuwa kama wale wengine wa kuinua mabega, ungekuwa salama.

Sasa nikuambie nilichofanya, kwa sababu afadhali ulisikie kwangu.

Simu yako uliiacha hapa ikichaji. Nimetafuta jina la Muriuki nikampigia. Hukunituma, najua, na ukitaka kunikasirikia nikasirikie, tutakuwa wawili. Alishtuka kusikia sauti ya mwanamke. Nikamwambia mimi ni Mama Mwenda, na nikamuuliza juu ya Pilipili. Akasema, "Mama, huyu leo si mzuri. Hata mdomo umeanza kufura, na hapa juu ya macho." Nikamwambia atoe majani yote ya avokado, hata yale yaliyoanguka chini, ampe nyasi kavu na maji safi, na asimtembeze popote, hata meneja akisema atembezwe. Akasema sawa, anaenda sasa hivi. Nilimsikia akitembea, nikasikia na mlango wa banda.

Kisha akaniuliza, "Nimwambie meneja ni nini?"

Nikamwambia asiseme kwa niaba yako. Mwenda anakuja, atasema mwenyewe.

Daktari ameitwa. Muriuki anasema anafika kesho saa tatu asubuhi, na swali la kwanza daktari yeyote analouliza ni mnyama amekula nini. Meneja atasema nyasi, kwa sababu ndicho anachokijua. Muriuki atatazama chini, kwa sababu hataki kukuchoma. Huyo daktari atapima minyoo, atapima kupe, atapima kila kitu, na moyo wa Pilipili utakuwa unangoja wewe.

Ukisema, huenda wakakufuta. Siwezi kukudanganya kwamba hawatafanya hivyo. Wakikufuta, rudi nyumbani na begi lako, lango halina kufuli. Sitasema nilikuambia. Haya, nitasema mara moja, unanijua, halafu nitakupakulia chakula. Lakini ukinyamaza na wakakuweka, utaamka kila siku kwenda kwenye lile banda, na mimi sitajua nikuulize nini tena kwenye simu.

Namba ya meneja pia nimeiandika kwenye kipande cha karatasi, iko ndani ya Biblia yangu. Nimeamua hivi, na usinibembeleze. Saa tatu kasoro robo nitampigia Muriuki. Akiniambia umefika na umesema, hiyo karatasi nitaitia motoni. Akiniambia hujasema, nitampigia meneja mimi, na nitamwambia kila kitu, kuanzia kwa nani aliyekufundisha kwamba majani hayatupwi.

Sitaki kupiga hiyo simu, Mwenda. Tafadhali, panda gari la kwanza.

Mama yako,
Wanja